Hondohondo na Mlango wa Mvule

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kivivu. Haya, mtaamka wenyewe.

Hapo zamani za kale, msitu ulikuwa msitu. Mninga ulikuwepo, mti wa vitanda. Mpingo ulikuwepo, mti wa filimbi, mzito hata ukiutupa majini unazama. Na mvule ulikuwepo, mti wa milango, ambao mchwa wakiuonja huondoka na njaa yao.

Juu kwenye mvule mmoja kulikuwa na pango. Humo alikaa mke wa Hondohondo. Mnajua desturi ya ndege hawa. Mke akitaka kutaga huingia pangoni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Mle ndani manyoya ya mabawa humnyonyoka, akatamia huku hawezi kuruka. Kazi ya mume ni kulisha. Puru, puru, Hondohondo anakwenda. Puru, puru, anarudi na tunda mdomoni. Alimpenda mkewe, nisimsingizie.

Siku moja wakaja wapasua mbao. Mpingo ukaanguka. Mkongo ukaanguka. Wakafika kwenye mninga wa Komba, yule mnyama mdogo wa macho makubwa. Mkuu wao akatazama juu, akaona tundu la Komba liko wazi. Akasema mti wenye pango hautoi mbao. Wakaupita.

Komba akakimbia kwa jirani yake Hondohondo.

"Bomoa udongo kidogo, tundu lionekane," akamwambia.

Hondohondo akavimba shingo. Akasema kwao mke hafunguliwi mpaka makinda yaote manyoya, na kwamba ukuta wa namna ile waliuanzisha mababu ili kumzuia nyoka.

"Nyoka anatafuta tundu, jirani. Shoka linatafuta mti usio na tundu."

Hakusikia. Akaleta udongo mwingine. Akapaka, akasawazisha, akabandika na magome ya mti juu yake. Kazi nzuri, hata mimi ningepita nisijue. Laiti angekuwa mvivu siku ile.

Jua likakausha ukuta. Kulipokucha, wapasua mbao wakarudi. Mkuu akauzunguka mvule. Akatazama juu, hakuona tundu. Akagonga shina kwa kisigino cha shoka, ko, ko. Huku chini mti ulikuwa mzima. Akasema huu ni wa mlango, tena mlango wa mbele.

Krr, krr, msumeno ukaanza. Hondohondo akalia juu ya vichwa vyao, wao wakaona ndege tu. Akauvamia ukuta, akadonoa, akadonoa. Ukuta alioupaka mwenyewe ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Mke wangu, toka."

"Nitoke kwa mabawa gani, baba wanangu?"

Alisema kwa upole, kama anayeuliza leo kuna tunda gani.

Krr, krr. Mvule ukaanguka, puuu!

Kipande chenye pango wakakitupa, wakachukua shina. Komba akaenda kutazama mle ndani, kisha akafunika kwa majani. Maskini Hondohondo hakutazama. Alizifuata mbao. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba mkewe yuko nyuma ya mvule.

Mlango ukatengenezwa, ukang'arishwa, ukatiwa kwenye nyumba kubwa. Na kila asubuhi unagongwa. Ngo, ngo, ngo. Wenye nyumba wanasema karibu. Wanafungua. Hakuna mtu. Kizingitini kuna tunda.

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa. Ukuta usiobomoka siku ya hatari ni kaburi, hata kama uliujenga kwa mapenzi. Na ubao unaousifia ulikuwa nyumba ya mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Mwenye moyo na aende akaliokote lile tunda.