Kwa Nini Mkoko Umesimama Juu ya Mizizi Yake

Sogeeni karibu, niwaeleze. Zamani mkoko ulificha mizizi yake ndani ya tope, kama mti mwingine wowote. Maji ya bahari yaliingia mtoni na kutoka, yakilipita shina lake tupu, na hakuna kiumbe aliyekaa pale.

Kwenye mdomo wa mto ule aliishi Siwema, mwokota kome. Asubuhi moja maji yalikuwa yamekupwa, akamfunga mwanawe mgongoni ili ashuke matopeni. Wifi yake, Mwatatu, akamzuia.

"Wifi, leo siku ya nne mawingu yameuficha mwezi. Una hakika si siku ya bamvua, maji yakajaa kuliko kawaida?"

"Mimi? Hesabu ya mwezi naijua kuliko kaka yangu anavyokujua wewe!"

Wakacheka, Siwema akaenda. Msimlaumu. Mawingu yamewahi kumkosesha hesabu kila mtu wa huku.

Bamvua likaja kwa kasi. Tope lilikuwa limemshika Siwema magotini, na ukingo ulikuwa mbali. Akajikokota hadi kwenye mkoko, akaukumbatia. Haukuwa na tawi la karibu.

"Ewe mti, mimi niache. Nishikie huyu mtoto tu."

Mkoko ulijua kwamba mti ukichomoa mizizi huanguka. Hata hivyo ukachomoa mmoja, ukaupinda kando. Ukayumba, ukasimama. Ukachomoa wa pili, na wa tatu, mpaka Siwema akapata pa kukanyaga, akapanda juu ya maji na mwanawe.

Mwatatu alifika na mtumbwi, anapiga kasia huku analia.

"Haya, na hesabu je?"

"Nyamaza, wifi. Mpokee mtoto."

Siwema alipokwisha kuingia mtumbwini, aliugeukia mti. "Ahsante. Sasa rudisha mizizi yako, usije ukaanguka."

"Siwezi," mkoko ukajibu. "Tazameni chini."

Wakainama. Katikati ya mizizi walikuwa wamejibanza samaki wadogo kama punje za mchele, watoto wa kamba, na kaa ambao magamba yao hayajawa magumu. Nje, samaki wakubwa walizunguka wasipate njia.

"Nikiishusha, nitawaponda."

Na tangu siku hiyo mkoko husimama juu ya mizizi yake, na watu wa mto ule hawaingii na panga mikokoni. Mgeni akiuliza sababu, huambiwa akatafute kuni bara. Hapa pana watoto.