Firigisi ya Jogoo wa Mize

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali hivyo, maana jogoo wa hadithi hii vitukuu wake bado wanawika, palikuwa na mwanamke wa Wete, Pemba, jina lake Mize. Mumewe, Hamad, alikuwa fundi seremala. Jioni, akishaweka randa chini, Hamad alikwenda ukumbi wa skuli kucheza judo, mchezo wa kukamatana na kuangushana juu ya magodoro. Hakutafuta kombe wala sifa. Alitafuta jasho na kicheko, basi.

Siku moja mwalimu wao, Faki, akawaambia, "Anayetaka kupanda daraja avae mkanda wa kijani, awe mwepesi!" Makame, bonge la mtu, mcheshi asiyejua kunyamaza, akambonyeza Hamad tumboni. "Wepesi gani na kitambi hiki? Labda ukiache nyumbani kwa mkeo!" Watu wakacheka. Hamad naye akacheka, lakini neno likamkaa.

Kuanzia hapo, Mize akaona mambo. Asubuhi chai tupu. Mchana wali unarudi jikoni kama ulivyokwenda. Usiku, "Nimeshiba, mke wangu." Umeshiba nini wewe, upepo? Mize akapika samaki wa nazi, akapika mchicha, akapika maharage. Sahani zikarudi. Akaingiwa na hofu ya kweli, akalia peke yake jikoni, kwa kuwa alimpenda mumewe, na mumewe alikuwa anamwishia mbele ya macho.

Mlangoni pa skuli alikaa Bi Saumu, muuza uji na mihogo. Yeye alijua. Zamani Hamad hakupita bila muhogo mkononi, sasa alisema, "Nipe maji tu, na usimwambie Mize." Bi Saumu akanyamaza. Siri ya mtu ni amana, alisema.

Siku ya kujaribiwa kwa mkanda ikafika. Mize akasimama kwenye dirisha la ukumbi, kanga mdomoni. Hamad akaitwa, akamkamata mwenzake kola, na kabla hajafanya lolote kizunguzungu cha njaa kikamchukua. Akaenda kichwa mbele, pale godoro linapoishia na saruji inapoanzia. Faki akaruka, akatia mkono wake chini ya kichwa kile. Mkono ukateguka, kichwa kikapona.

"Ole wangu, nimeshakuwa mjane!" Mize akapiga ukelele.

Bi Saumu akaja mbio na kikombe. Akangoja mpaka Hamad akafumbua macho, akamkalisha, akamnywesha uji wa sukari kijiko baada ya kijiko, "Taratibu, mwanangu, taratibu," mpaka midomo ikarudi rangi. Kisha akamletea sahani ya mihogo. Unadhani alikula? Hamad akageuza uso. "Mkanda kwanza. Nikila nitakuwa mzito."

Zamu ilikuwa ya Makame. Makame akafungua mkanda wake, akauweka pembeni, akaketi mbele ya sahani. "Mwalimu, niruke. Nakula na mwenzangu."

"Nikikuruka, utangoja mkanda mpaka mwakani."

"Na uwe mwakani." Akavunja muhogo, nusu akala, nusu akampa Hamad. "Kula, bwana. Mzito ni mimi, na humu ndani nani ameshaniangusha?"

Hamad akacheka, kicheko kikamfungua mdomo. Akala. Akaomba na mwengine.

Hapo Faki, mkono umefungwa kitambaa, ndipo alipoelewa. "Loo! Mwepesi wa miguu nilisema, Hamad, wa miguu! Nani alikutuma kwenye mizani? Kula mchana wako ushibe, chakula kitulie, ndipo uje tuangushane." Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Huu wa Faki nusura uponze kichwa cha mwenziwe.

Ijumaa Hamad akachinja jogoo. Mize akampika kwa nazi, akapika na wali, akawaita wote watatu, Faki, Bi Saumu na Makame. Sasa firigisi, nyote mnajua, kuku hana mbili, na nyumbani huliwa na mwenye nyumba. Lakini Hamad akafunika sahani yake kwa mkono. "Mimi leo sina haki nayo. Mpe aliyenirudisha kwako."

Faki akasema, "Isingekuwa mimi, mngekula hitima yake leo, si jogoo. Mkono wangu huu hapa."

"Isingekuwa neno lako," akadakia Bi Saumu, "asingeanguka kabisa. Isingekuwa uji wangu, mngekaa mnampepea mpaka leo."

"Na isingekuwa kimya chako," akasema Makame, "Mize angejua mapema. Isingekuwa mimi, angekunywa uji leo na kesho akafunga tena. Nimeacha mkanda wangu ili ale."

"Na kitambi chake nani alikibonyeza?" Faki akauliza.

Mize akashika upawa, firigisi imelala ndani. Akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama yule. Kila mmoja alitaka kumbusu mikono, kila mmoja alitaka kumkalipia. Mara akasikia sauti kutoka mkekani.

"Mke wangu, ukoko upo?"

Ukoko! Mwanamume aliyekuwa akirudisha wali sasa anauliza ukoko! Mize akacheka na machozi yakamtoka, moyo ukamtulia, akamkwangulia sufuria mpaka chini.

Firigisi ikabaki upawani. Na msiniambie eti aile mwenyewe Mize, huko ni kuikimbia kesi. Mmoja aliokoa kichwa, na neno lake ndilo lililokiangusha. Mmoja alirudisha uhai, na kimya chake ndicho kilichouficha ugonjwa. Mmoja alirudisha hamu ya kula, na mzaha wake ndio ulioifukuza. Haya, upawa nawapa nyinyi, na mchuzi unapoa. Je, nani alistahili?