Pimbi Aliyepita Juu ya Paa la Mama Yake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiruka angani kwa nauli zao na kushuka na mizigo yao, palikuwa na Pimbi mmoja. Haya, sogeeni. Na wewe unayechekacheka huko nyuma, cheka sasa ushibe, maana cheko la hadithi hii halifiki mwisho.

Pimbi mnamjua. Kamwili kadogo, mkia hana, lakini akili zake zilikuwa zikichemka kama uji. Alikuwa na mama yake tu duniani, na mama naye alikuwa na huyo huyo mmoja. Nyumba ya mama ilikuwa Majabalini, juu kabisa kwenye mawe, hatua chache tu kutoka uwanja wa korongo.

Maana siku hizo korongo, wale ndege wa shingo ndefu, ndio waliosafirisha watu. Walikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu chenye kamba pande zote. Kundi zima linang'ata kamba, papapapapa! mbawa zinapiga, huyoo, kikapu kiko juu. Hata Kiboko alibebwa. Msiniulize walimbebaje. Walimbeba, na dua waliomba kwanza.

Sasa, korongo walikuwa na mtindo wao. Kila abiria akitua, Korongo Mkuu anampa ushanga mmoja wa kutunga kwenye uzi. Uzi ukijaa, anavishwa unyoya mwekundu. Na mwenye unyoya, jamani, alikuwa mtu mwingine! Hapangi foleni. Anakaa mbele, penye mito ya sufi. Anapanda na mtu wake mmoja bure. Na kikapu kikijaa, asiye na unyoya anashushwa ili mwenye unyoya apande.

Hilo la kushushwa ndilo lililomchoma Pimbi.

Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Mvua zikianza tu, kho! kho! kho! hata salamu haitoki. Dawa yake ilikuwa mvuke wa Chemchemi ya Maji Moto, ng'ambo ya mbuga, mahali ambapo miguu ya mzee haifiki. Mwaka mmoja mvua zilipoanza, Pimbi alimfunga mama yake shuka, wakapanga foleni tangu alfajiri wananyeshewa. Wakapanda. Wakakaa. Korongo wameshang'ata kamba, mara, puu! puu! puu! Kiboko huyo, na Nyati nyuma yake, kila mmoja na unyoya wake. Walikuwa wanakwenda Chemchemi kuoga tu.

"Nani kakaa kwangu?" Kiboko akanguruma.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," Pimbi akasema. "Ni mama yangu. Mgonjwa."

"Marahaba. Mpe pole. Ashuke."

"Bwana Kiboko, mtazame basi alivyo!"

"Nimemtazama. Ashuke."

Pimbi akamgeukia Korongo Mkuu. Korongo Mkuu akainamisha ile shingo yake ndefu, macho chini. "Sheria ni sheria, Pimbi. Wenye unyoya kwanza."

Bibi wa watu akashushwa mvuani. Hakulalamika. Alimshika mwanawe mkono akasema, "Twende nyumbani, mwanangu. Mwakani tutakwenda." Njia nzima alikuwa anakohoa, na Pimbi alikuwa analia, lakini mvua ilimficha machozi.

Alipomlaza mama, akaapa. "Kabla mvua hazijarudi nitauvaa unyoya ule. Mama atakaa mbele, penye mto, nione nani atamshusha!"

Hakumwambia mama neno. Alitaka iwe ghafla, mama ashtuke kwa furaha. Na hapo, watoto wangu, ndipo kosa lilipoanzia.

Pimbi akateremka Bondeni, akapanga kijumba, akawa anachimba karanga. Kila akipata za kutosha anakwenda uwanja wa korongo wa huko Bondeni kutazama nauli. Kwenda Chemchemi, debe la mtama. Kwenda ziwani, debe na nusu. Atayatoa wapi madebe ya kujaza uzi mzima? Akawa anakaa pembeni tu, macho wazi, masikio wazi.

Siku moja kikapu kikarudi kutoka safari ya mbali. Kilikuwa kimetua Majabalini korongo wavute pumzi, kisha kikateremka Bondeni. Kiboko alikuwa ndani, anakoroma tangu mwanzo hadi mwisho, hrrrr, hrrrr. Alipoamka akanyoosha mkono.

"Shanga zangu mbili."

"Ni mmoja, Bwana," akasema Korongo Mkuu. "Ule wa Majabalini ulikuwa mruko mfupi tu. Na ulikuwa umelala."

"Tumetua hatukutua?"

"Tulitua, lakini..."

"Basi! Kutua ni kutua! Iwe karibu, iwe mbali. Au nikamwajiri Tai?"

Korongo Mkuu akameza mate, akatoa shanga mbili. Pimbi akasogea kwa adabu, mikono nyuma.

"Samahani, wakubwa. Hilo la kutua ni kutua, ni sheria ya Bwana Kiboko peke yake, au ya kila mtu?"

Nyati akapasuka kwa kicheko. "Msikieni! Na wewe unataka kuruka, kapimbi?"

"Ya kila mtu!" Kiboko akasema, tumbo linatikisika. "Mwandikie hata yeye! Kwa konzi ya karanga atafika wapi?"

"Ahsante, Bwana mkubwa," Pimbi akasema, akainama mpaka chini.

Mmeona? Kwa konzi ya karanga alifika Majabalini. Ndiyo nauli ya mruko ule, rahisi kuliko yote, na hakuna aliyeutaka. Pimbi akaanza. Papapapa, juu, tii! wametua, ushanga mmoja. Papapapa, chini, tii! ushanga mwingine. Asubuhi anachimba karanga, mchana wote yuko hewani. Haendi popote. Anakwenda na kurudi.

"Kapimbi kanasafiri kwenda wapi?" Nyati alikuwa akiuliza.

"Nakwenda kurudi, Bwana."

"Ana wazimu huyu!" Wakacheka na Kiboko mpaka machozi.

Lakini kikapu kikifika Majabalini hakikukaa. Korongo walivuta pumzi mara mbili tatu, wakageuka. Na kwa kuwa abiria wa mruko ule alikuwa yeye tu, akishuka hawarudi mpaka kesho yake, na shanga za siku nzima zimepotea. Kwa hiyo Pimbi hakushuka.

Na mama yake alikuwa akimwona. Siku ya kwanza aliposikia mbawa akatoka mlangoni, akakinga macho kwa kiganja, akamtambua mwanawe ndani ya kikapu. Lo! Furaha aliyokuwa nayo!

"Pimbi! Mwanangu! Karibu! Shuka ule, nimepika mlenda!"

"Kesho, mama! Nina haraka!"

"Ya nini haraka, baba? Ugali wenyewe umeshaiva!"

"Nifunikie, mama! Nifunikie!"

Mama akamfunikia. Akapakua ugali wa mtama, mlenda kando, akafunika kwa kawa, akaweka pale anapokaa mwanawe.

Kesho yake mbawa tena. "Pimbi! Unashuka leo?" "Kesho, mama! Nifunikie!" Na kesho yake. Na kesho yake. Mnajua mama zenu, mwana akisema nifunikie, mama atafanya nini?

Pimbi naye hakuwa na ubaya, msimhukumu haraka. Kila ushanga aliotunga alisema moyoni, "Huu wa mto wa mama. Huu wa shuka kavu ya mama." Alimpenda. Ila alimpendea juu juu, kutoka angani, bila kushuka.

Miezi ikapita. Sauti ya mama mlangoni ikawa ndogo. Siku moja hakuita kabisa, aliinua mkono tu. Pimbi akaona kakonda, nguo inamning'inia. Moyo ukamsuta. Akaweka mguu mmoja nje ya kikapu.

"Unashuka?" Korongo Mkuu akauliza.

Pimbi akautazama uzi wake. Umekaribia kujaa, na mawingu yameanza kujikusanya. Akaurudisha mguu ndani. "Twende. Nikipata unyoya atanenepa."

Ikaja siku zimebaki shanga za siku mbili. Walipokuwa wanatua Majabalini, Pimbi akachungulia, akaona watu wamejaa nyumbani kwa mama, nguo za kila rangi, mikeka imetandikwa nje.

"He! Kuna harusi ya nani nyumbani?" akasema. "Mama naye kwa kupenda wageni!"

Akasimama akawapungia mkono. Watu wakainua nyuso, wakamtazama, hakuna aliyempungia. Bi Kobe tu, jirani na shoga wa mama yake, alijikokota mbele akapaza sauti akimwita. Upepo ukayachukua maneno.

"Kesho, Bi Kobe!" Pimbi akajibu. "Zimebaki za siku mbili tu!"

Papapapa, huyoo, wakaondoka.

Siku mbili baadaye mvua ikaanza, na uzi ukajaa. Korongo Mkuu akamvisha Pimbi unyoya mwekundu, mrefu kuliko yeye mwenyewe, ukawa unaburutika chini. Kikapu cha Chemchemi kilikuwa tayari. Pimbi akapanda, akakaa mbele kwenye mto wa sufi, na mto wa pili akauwekea shuka kavu aliyoinunua.

Puu! puu! puu!

"Nani kakaa kwangu?" Kiboko akanguruma.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Ni mimi. Na hapa pa pili ni pa mama yangu, tunampitia Majabalini."

"Ashushwe huyu!"

Korongo Mkuu safari hii aliinua shingo. "Sheria ni sheria, Bwana. Mwenye unyoya aliyewahi hashushwi."

"Unyoya kaupata wapi? Karanga zile zile?"

"Zile zile," Pimbi akasema. "Kutua ni kutua, Bwana. Iwe karibu, iwe mbali. Wewe mwenyewe ulisema."

Kikapu kizima kikaangua kicheko. Fisi aligaragara. Wakasukumwa nyuma, Kiboko na Nyati aliyekuja naye, wakabanwa kwenye magunia ya Fisi ya mifupa, kila mmoja na unyoya wake shingoni. Hapo chekeni, watoto. Chekeni, maana ndiyo mara ya mwisho.

Walipotua Majabalini, Pimbi akaruka chini. "Ningojeni! Namleta mama!"

"Tutakungoja, Bwana Pimbi," akasema Korongo Mkuu. Mwenye unyoya hungojwa.

Akakimbia mvuani, unyoya unapiga mawe. "Hodi! Hodi, mama! Mama, leo nimeshuka!"

Akagonga tena.

Mlango ukafunguliwa polepole. Alikuwa Bi Kobe.

"Karibu, Pimbi," akasema. "Umeshuka."

"Mama yuko wapi? Mwambie avae, kikapu kinatungoja, tunakaa mbele!"

Bi Kobe akamshika bega. "Mama tumemzika, mwanangu. Siku ile uliyotupungia mkono."

Pimbi akamtazama. "Ile ilikuwa harusi."

"Haikuwa harusi. Tulituma watu Bondeni, wakaambiwa uko hewani, wakarudi, maana maziko hayangoji. Nami nilikuita. Ukaniambia kesho."

Pimbi akakaa chini hapo hapo kizingitini. "Kifua?"

"Kifua, na njaa. Kila akisikia mbawa anateleka. Chakula kikichacha anamwaga, anapika kingine. Nikamwambia, shoga, kula basi hata wewe. Akasema, 'Nitakulaje, na mtoto yuko njiani? Kasema nimfunikie. Tutakula pamoja.' Akawa anaonja tonge, anaacha. Mtama ukaisha. Cha mwisho alichopika kiko pale, mimi sikuwa na moyo wa kukimwaga."

Pimbi akauvua unyoya. "Nilikuwa namtafutia huu, Bi Kobe. Asishushwe tena mvuani. Nilitaka nimshtukize."

Bi Kobe akautazama, maskini, machozi yanamtiririka. "Ungemwambia, mwanangu. Angejua huji, angekula."

Kutoka uwanjani Korongo Mkuu akaita. "Bwana Pimbi! Mwenye unyoya! Kikapu kinakungoja!"

Na kweli kilingoja. Viti viwili vya mbele vilikuwa vitupu, shuka kavu inalowa, na Kiboko kabanwa nyuma hathubutu kuvikalia. Lakini Pimbi hakutoka. Alikwenda pale anapokaaga, akanawa mikono, akafunua kawa. Ugali ulikuwa umekauka, mlenda umechacha. Akamega tonge, akala. Akamega lingine. Bi Kobe akataka kumzuia, akaona amwache. Akala mpaka akamaliza, na kila tonge alisema, "Nimeshuka, mama."

Tangu siku hiyo pimbi hapandi kikapu cha mtu. Utamkuta kwenye mawe yake, mlangoni, anatazama juu, na hata ukimwita haendi mbali.

Basi shikeni hili moja: mama hashibi heshima utakayomletea kesho, hushiba ukikaa naye leo.

Mimi mdomo nimeufunga. Aliyefunikiwa chakula nyumbani ainuke aende akale.