Arobaini ya Mgunga

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Nikiwapa mtaweka wapi?
— Masikioni!
Basi yafungueni.

Palikuwa na mgunga, na ndani ya mgunga palikuwa na tundu, na ndani ya tundu alikaa Mama Kindi na wanawe watatu, wachanga hata macho hawajafungua. Mwaka huo mvua ya masika haikuja. Mgunga ukapukutisha majani yote, ukabaki miiba na gome.

Akaja Tembo, tii! tii! tii! Alikuwa ameangusha mninga, akala gome. Alikuwa ameangusha mkwaju, akala gome. Sasa akaegemeza kichwa kwenye mgunga.

"Hodi kwanza, babu!" akalia Mama Kindi. "Watu wako matangani, wewe unasukuma nyumba?"

"Matanga ya nani?"

"Ya Masika, mume wa mgunga. Kila mwaka humjia mkewe. Mwaka huu kimya. Humwoni mjane alivyovua mapambo?"

Tembo akautazama mgunga. Kweli, hauna hata ua moja. Akaona haya, akarudi nyuma hatua tatu.

"Poleni," akasema.

"Pole ya mdomo tu? Wanaume wa kwenu wakienda msibani hawateki maji?"

"Huteka."

"Basi. Na siku ya arobaini kuna karamu. Mteka maji hupakuliwa wa kwanza."

Tembo akameza mate. "Patapikwa nini?"

"Babu! Mtu haulizii sufuria ya msiba."

Tembo akashuka mtoni, akajaza mkonga, akapanda, akamwaga shinani: shwaaa! Kesho, shwaaa! Kesho kutwa, shwaaa! Siku ya ishirini mgongo unamuuma, shwaaa! Chini ya mgunga vikaota vimaua vya manjano. Juu yakachipua majani. Siku ya arobaini mgunga ulikuwa mweupe pepepe kwa maua.

"Karamu!" akanguruma Tembo.

"Wageni wamekwisha kufika, babu. Nyoosha mkono tu."

Tembo akazamisha mkonga mauani. Vzzzz! Nyuki puani! Vzzzz! Nyuki masikioni! Tembo huyooo, hakugeuka mpaka ng'ambo ya mto.

Watoto wa kindi, macho wazi, wakauliza, "Mama, yule nani?"

"Babu yenu. Ametoka msibani, huzuni imemzidi."

Nimeutua mzigo wangu hapa. Anayeutaka aubebe, aliyechoka aukalie.

Na funzo, wanangu: msiseme uongo. Uongo hauoteshi hata ua moja. Yale ya manjano chini ya mgunga, mimi sijui yalitoka wapi.