Kibao cha Mkulo

Sogeeni, wakubwa kwa watoto, niwasimulie habari ya watu watatu wa Kwembago, kijiji cha mlimani. Hiza alijua kujenga uzio usiopitwa na mbuzi. Salha alijua kuongoza maji hata mahali pasipoonekana njia. Naye Kaniki, mrina asali, alijua kutambua uhai ndani ya mzizi uliokauka.

Kijiji kilikuwa na bustani ya miti, na kila mti ulikuwa na kibao chenye jina la mtu aliyeutunza. Jina hilo lilikuwa heshima ya mtu na ya watoto wake. Kisha watu wakaacha kwenda. Magugu yakajaa, na mkulo, mti ambao gome lake ni dawa ya kifua, uliokuwa mmoja tu, ukakauka ukaanguka.

Miaka ikapita. Kaniki akachimba kwenye kisiki, akakata kipande cha mzizi, akanusa. "Huu haujafa," akasema. Akaondoa magugu, akafunika mizizi kwa majani.

"Hautaishi kwa umande, kaka," Salha akamwambia. Akachimba mfereji kutoka kijitoni, binti yake akizoa udongo kando yake, mpaka maji yakafika.

Chipukizi likatoka, na mbuzi wakaliona. Hiza akajenga uzio wa fito.

"Uzio wako mzuri kuliko nyumba yako," Kaniki akamtania.

"Nyumba yangu hakuna anayetaka kuila."

Chipukizi likawa mti. Siku ya kufungua bustani, wageni walikuja kutoka vijiji jirani. Mwenyekiti, Bi Mahanyu, alishika kibao kipya na chaki. Huko Kwembago, mtu haandikwi jina kabla hajaweka kiganja kwenye gome na kusema mbele ya watu, "Mkono huu haujakuumiza."

"Hiza, njoo uanze."

Hiza akasogea, kisha akaurudisha mkono. Zamani alimfunga mbuzi wake kwenye mkulo ule, na mbuzi akatafuna gome la upande mmoja. Mti ulikuwa mpya, lakini mzizi ni ule ule. "Mpeni Salha," akasema.

Binti wa Salha akamvuta mama yake kanga. "Weka mkono, mama. Tuandikwe."

Salha akatazama chini. Mtoto huyo alipobanwa na kifua, yeye alibandua gome la upande wa pili, akamchemshia. Mtoto akapona. "Mpeni Kaniki."

Kaniki akarudi nyuma. Moto wake wa kurina asali ndio ulioingia ndani ya shina la zamani.

"Mnakimbia heshima kama mbuzi wanaokimbia mvua," Bi Mahanyu akasema. "Wageni wanangoja."

Ndipo Salha akasema la kwake, kwa sauti ndogo. Hiza akafuata, kisha Kaniki. Kila mmoja alikuwa amejiambia kwamba anachukua kidogo tu, mti hautadhurika.

"Kumbe waliouua ndio waliouamsha," mgeni mmoja akanong'ona.

Bi Mahanyu akakitundika kibao kikiwa kitupu. Binti wa Salha bado husimama chini yake na kuuliza kwa nini hakina jina, na mama yake huinama akapalilia.

Pasipo mmoja wao, mkulo usingerudi. Pasipo wao watatu, usingekufa. Sasa chaki iko mikononi mwenu mlionisikiliza. Mngeandika jina la nani?