Kombe la Kwato na Sarafu za Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mashamba yao na timu zao za mpira, kulikuwa na klabu iliyoitwa Kwato. Ilikuwa timu ya wanyama wakubwa: tembo, mbogo, kongoni na pundamilia. Nguvu walikuwa nazo, wanangu, lakini kombe walikuwa wamechukua moja tu tangu klabu ianzishwe.

Kombe hilo la fedha lilikaa nyumbani kwa Mbogo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nahodha mwaka ule. Sasa alikuwa mzee na goti lake moja halikunjiki. Kila asubuhi mkewe alilisugua kombe kwa majivu na ndimu mpaka linang'aa, naye Mbogo alikaa kulitazama.

Majirani walidhani anajivunia ushindi. Sivyo. Alikuwa akimkumbuka Kongoni, rafiki yake wa tangu utotoni. Goli la fainali alilifunga Kongoni kwa kichwa, na katika kuufuata ule mpira, pu! kichwa kikagonga nguzo ya goli. Mpira ulitinga wavuni. Kongoni akatolewa kwa machela, na mwezi ulioandama haukumkuta hai. Kwenye kombe liliandikwa jina la klabu tu. La Kongoni halikuandikwa popote.

Sherehe ya kuzaliwa kwa klabu ilipokaribia, Tembo, aliyekuwa mwenyekiti, akaitisha mkutano kutafuta zawadi ya kuwapa wanachama. Hapo ndipo alipojitokeza Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, ambaye macho yake hayatulii. Aliishi ndani ya kichuguu kando ya uwanja, na kazi yake ilikuwa kuziba masufuria yaliyotoboka.

Alikuwa na kijisanduku cha mbao za mninga, ndani kimetandikwa kitambaa chekundu chenye vishimo vitatu. Viwili vilikuwa vitupu, na katika cha tatu ilikaa sarafu moja yenye alama ya kwato. Ilikuwa ya fedha kweli. Kijiko cha fedha cha jirani kilikuwa kimepotea juzi yake.

Akaeleza kwamba hizi si sarafu za kununulia kitu, ni za kumbukumbu. Moja ingeonyesha kuanzishwa kwa klabu, ya pili nahodha, ya tatu goli la fainali. Kila nyumba ingekuwa na historia ya Kwato kabatini. Kilichopungua ni madini ya fedha ya kuzifulia sarafu, na fedha hiyo, akasema akiinamisha kichwa, iko katika nyumba moja tu.

Mbogo akakataa palepale. Alisema kombe litatoka nyumbani kwake siku ambayo yeye mwenyewe atatolewa amebebwa. Mkutano ukavunjika.

Nguchiro hakubishana. Kesho yake alikwenda kwa Mbogo, akamkuta barazani. Akamuuliza hali ya goti. Akamwomba amsimulie fainali, na akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka mingi. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee wangu, kombe hili halimtaji Kongoni. Siku ukiondoka wewe, nani atajua kwamba aliwahi kuishi?"

Mbogo akageuka kumtazama. Nguchiro akaendelea:

"Sarafu ya tatu nitaitia uso wake. Na jina lake chini."

Mke wa Mbogo alikuwa mlangoni akisikia yote. Alimsihi mumewe asikubali, akamwambia kitu kikishavunjwa hakirudi kilivyokuwa. Lakini Mbogo alikuwa ameguswa penye kidonda, na mwenye kidonda hasikii shauri. Akaingia ndani, akatoka na kombe.

Walipofika uwanjani, mbele ya wanachama, Nguchiro akasema mikono yake ni midogo, hawezi kulivunja; anahitaji mwenye nguvu. Tembo akainua mguu. Kwacha! Akaongeza tena, kwacha! Kombe likawa bapa kama chapati. Wanachama wakapiga makofi. Mbogo peke yake alikuwa akitazama chini.

Nguchiro akalibeba bapa lile la fedha, akazama nalo kichuguuni. Kwa siku kadhaa moshi ulitoka humo, na nyundo ikasikika, nko, nko, nko. Hakuna aliyechungulia. Wakubwa hawakuweza kuingia katika kishimo kile hata kama wangetaka.

Siku ya sherehe vijisanduku vikagawiwa. Nguchiro akawaonya kwamba fedha mpya ni kama mtoto mchanga: wasiziguse kwanza, watazame tu. Jua lilikuwa kali, na sarafu ziling'aa uwanja mzima. Mbogo alipofungua chake akamwona Kongoni, uso wake mrefu, pembe zake, hata lile sikio lililokunjika. Akalia mbele ya wote. Akamshika Nguchiro mkono, akamshukuru. Nguchiro akaaga, akisema anakwenda kupumzika kwa wakwe zake ng'ambo ya mto.

Mbogo hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane wa Kongoni, akamkuta anafua nguo nyuma ya nyumba.

"Shemeji," akasema, "nimekuletea mwenzio."

Kabla hajamwonya, mjane alikuwa ameshaitoa sarafu kijisandukuni. Mikono yake ilikuwa imelowa. Akaisogeza karibu na macho, akatabasamu. Akapitisha kidole gumba shavuni kwa mumewe, polepole, kama mama anayempangusa mtoto uso.

Shavu likaondoka. Kisha zikaondoka pembe, kisha jina. Ungaunga wa mawe yanayometa ukachirizika vidoleni mwake, na chini yake kulikuwa na udongo mtupu, udongo wa kichuguu.

Mjane akamtazama.

"Shemeji, umempeleka wapi?"



Habari zikaenea. Kila aliyelowesha sarafu yake alibaki na tope mkononi. Tembo akakimbilia kichuguuni, akakibomoa kwa pembe zake, akakuta majivu ya nyasi na njia ndefu iliyotokea ukingoni mwa mto. Baadaye Kanga, aliyetoka ng'ambo, alisimulia kuwa mke wa Nguchiro siku hizi amevaa bangili za fedha mpaka kwenye viwiko, na akitwanga husikika kijiji kizima. Tembo alitaka waende kuzichukua. Mbogo akamwuliza watazitambuaje. Bangili haziandikwi jina la klabu.

Msimu uliofuata wapinzani wao, timu ya Makucha, walikuja kucheza pale uwanjani. Mashabiki wao wakaimba wakiuliza Kwato wamewahi kuchukua nini. Wazee wa Kwato wakajibu kwamba walichukua kombe.

"Lileteni tulione," wale wakasema.

Ndama na wanatembo wa Kwato wakawageukia wazee wao. Ndipo Mbogo akasimama, akiegemea fimbo, akaanza kuwasimulia fainali ile: krosi ilivyokuja, Kongoni alivyoruka, wavu ulivyotikisika. Alisimulia vizuri. Watoto wakamsikiliza kwa adabu, wakitazamana kwa pembe ya jicho, kama wanavyosikilizwa wazee wanaoongopa.

Mbogo akaliona hilo. Akaishia katikati, akakaa.

Basi, wanangu, avunjaye kitu chenyewe ili apate mfano wake hukosa vyote viwili.