Tarishi Aliyetembea Bila Barua

Kosa la miguu halilipwi na tumbo. Methali hii ilianza hivi, na wa kwanza kuaibika nayo alikuwa Mzee Kihwele, yule yule anayeisimulia. Hakulificha hilo. Wajukuu walipomuuliza ilikotoka, aliosha mkono wake taratibu, akaukausha kwenye goti la suruali, akasema, "Kwanza mjue kwamba mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Msije mkahangaika kumtafuta kwa wengine."

Wakacheka. Mzee Kihwele ni mtu wa mzaha. Hata meno yaliyomtoka husema yamesafiri, yatarudi na zawadi. Lakini Jumapili hiyo hakucheka nao. Mjukuu wake Fidesi, aliyebakiza miezi miwili kuolewa, alikuwa amesukuma sahani yake ya ugali na maharage kwa siku ya tatu mfululizo, kwa sababu gauni la harusi lilikataa kufunga mgongoni. Bibi yake, Vitalina, akamrushia maneno hayo ya methali kutoka mlango wa jikoni, kisha akarudi kwenye moto wake. Fidesi hakuyaelewa, wala ndugu zake hawakuyaelewa. Ndipo mzee akasimulia.

Enzi hizo Kihwele alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Mhehe aliyehamia Lihangweni, mji mdogo wa Wangoni ulioshikilia ubavu wa mlima, akafungua banda la kutengeneza baiskeli karibu na soko. Mhehe kukaa kwa Wangoni ni kukaa katikati ya watani. Mababu walipigana vita, wajukuu wakarithi maneno. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe, akala chakula chako na kukuita mateka wa babu yake, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Hiyo ndiyo sheria, na Kihwele aliijua kuliko alivyoijua katekisimu.

Mtani wake mkubwa alikuwa Osmundi Tawete, tarishi wa barua. Kwa miaka kumi na minane Osmundi alijitwika mfuko wa barua, akapanda mlima, akashuka upande wa pili, akavuka mto, akafika misheni na vijiji vya nyuma yake, na jioni akarudi kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa mwembamba kama fito, na alikula kama mchimba kisima. Asubuhi mkewe, Fotunata, alimpa viazi na chai ya maziwa. Jioni alimpakulia bonge la ugali na maharage, au dagaa wa Nyasa, na Osmundi aliisafisha sahani mpaka mbwa wa nyumba ile wakamchukia.

Kisha barabara ikachongwa, gari likaanza kupeleka barua misheni. Osmundi akapandishwa cheo. Akapewa meza, muhuri na kiti chenye mto. Watu walimpongeza, wakachinja kuku, na Kihwele alikula paja la kuku huyo bila kukaribishwa. Mwaka haujaisha, vifungo vya shati vikaanza kulalamika. Mwaka wa pili, ukienda kununua stempu, tumbo lilikuwa linakufikia kabla ya Osmundi.

Kihwele akapata shamba la utani lenye rutuba. Kila asubuhi Osmundi alipopita bandani, alimkuta amesimama anamngoja.

"Mtani! Ukijifungua, mtoto mpe jina langu!"

"Akizaliwa na kichwa kama chako namrudisha alikotoka," Osmundi alijibu, akicheka na tumbo likicheka naye.

Lakini nyumbani hakucheka. Ngazi tatu za kanisani zilimfanya aheme. Binti yake Lusia, wa miaka sita, ambaye zamani alipanda mabegani mwake kila Jumapili kwenda kumsalimia bibi yake, sasa aliambiwa, "Kesho, mama." Hiyo kesho haikufika. Mtoto alizoea kutembea, akawa anamshika baba yake kidole na kumngoja anapopumzika.

Fotunata ndiye aliyesema. "Baba Lusia, rudi mlimani."

"Nikafanye nini? Barua zinakwenda na gari."

"Wewe panda tu. Chakula chako ni kile kile, nitakupikia kama siku zote. Ila kabla ya kazi, panda mlima."

Osmundi akamsikia mkewe. Akawa anaamka alfajiri, anafuata njia yake ya zamani mpaka kwenye msalaba mkubwa wa mbao uliosimama kileleni, anateremka, anaoga, anakula viazi vyake, anakwenda kukaa kwenye kiti chake. Wiki ya kwanza alirudi kama mtu aliyepigwa na kundi. Wiki ya nne alikuwa anafika msalabani bila kupumzika njiani. Mwisho wa mwezi wa pili aliingia bandani kwa Kihwele, mkanda mkononi.

"Nitobolee tundu, mtani. La upande wa ndani."

Kihwele akachukua nyundo na msumari. "Miezi miwili yote, tundu moja?"

"Mlima haurukwi," Osmundi akasema. Alikuwa na furaha hata akasahau kutukana. Jumapili ile watu walimwona akipita na Lusia mabegani, mtoto ameshika masikio ya baba yake kama usukani.

Mambo yangeishia hapo, na methali isingezaliwa. Lakini huko kwetu, mzee alisema, mtu hatembei bure. Anayetembea ana aendako: shambani, mtoni, msibani, kwa mganga. Amebeba jembe, au kikapu, au amebeba habari. Mtu mzima akipanda mlima mikono mitupu, akifika juu akageuka na kurudi, watu humtazama mara mbili. Wanawake wa kisimani walishaanza kuulizana ni nani anayefuatwa kule juu.

Siku ya siku ilikuwa siku ya soko. Osmundi alikuwa amechelewa kidogo kupanda, akashuka soko limeshajaa, shati limelowa, anatweta. Kihwele alikuwa na wateja watano bandani, na mtu wa maneno akipata wasikilizaji watano huwa kama ng'ombe aliyenusa chumvi. Akapanda juu ya sanduku lake la vyuma.

"Jamani, mpisheni tarishi! Mtani, leo barua ya nani? Mbona huna mfuko? Au siku hizi unawapelekea mashetani?"

Soko likaangua kicheko. Angeshuka hapo. Hakushuka.

"Mtu ananenepea mdomoni, halafu anakwenda kuukanyaga mlima! Mlima umekosa nini? Mlima ndio uliokula ugali? Funga mdomo, mtani, mlima wa Mungu upumzike!"

Watu walishika mbavu. Muuza nyanya mmoja alikaa chini kabisa. Osmundi naye alicheka, akainua mkono kama anayesalimia, akapita katikati yao. Watoto wakamfuata mpaka kwake wakiimba, "Tarishi, barua iko wapi?"

Hapo Fidesi alimkatiza babu yake. "Mbona hakukujibu, babu? Si na yeye alikuwa na mdomo?"

"Alikuwa nao," mzee akasema. "Neno lile lilimwingia. Na mtani huruhusiwi kumwonyesha mahali alipokuchoma. Mimi nilimwona akicheka, nikaona macho hayacheki. Niliona, Fidesi. Nikarudi kuziba pancha."

Kesho yake Osmundi hakupanda mlima. Wala kesho kutwa. Kutembea kuna watazamaji, njaa haina. Mtu akishinda njaa hakuna mtoto wa kumfuata akiimba. Asubuhi akawa anakunywa chai ya rangi, kikombe kimoja, anaondoka. Jioni anamwambia mkewe amekula kazini, na kazini anasema ataenda kula nyumbani. Fotunata aligundua siku alipokwenda kumpelekea viazi, mwenzake wa ofisini akamwambia mzee huyu siku hizi hatii kitu mdomoni.

Alimbembeleza. Alimpikia kuku, akampikia wali wa nazi kama vile ni sikukuu. Osmundi aliutazama wali ule kwa muda mrefu, akausogeza kwa mtoto.

"Kula japo nusu, baba Lusia. Halafu kesho twende wote mlimani. Mimi nitabeba kikapu, wataona tunakwenda kuokota kuni."

"Mtani alisema kweli," alijibu. "Mlima umekosa nini?"

Mkanda ukaja bandani mara nne ndani ya wiki sita. Kila mara Kihwele alitoboa, akapiga mluzi wa pongezi. "Ehee! Sasa unakuwa mtu! Si nilikwambia? Ni mdomo tu!" Hakuona kwamba mkono uliompa mkanda ulikuwa unatetemeka. Au aliona, akadhani ni baridi ya Juni. Tumbo lilikuwa limekwisha kweli, na mashavu yamekwisha, na shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa. Lusia hakupanda tena mabegani. Siku moja baba yake alijaribu kumwinua, magoti yakamkatalia, wakakaa wote wawili chini uani, mtoto akidhani ni mchezo.

Mwezi wa Julai akapata homa. Ilikuwa malaria ile ile iliyozoea kumlaza kila mwaka, ambapo alikuwa anakunywa dawa, analala siku mbili, anaamka na kuomba ugali. Safari hii hakuomba kitu. Siku ya tatu mganga wa zahanati alimtoa Fotunata nje, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, homa hii watu huinuka nayo. Huyu imemkuta mwilini hamna akiba. Alikuwa anakula nini?"

Fotunata akarudi ndani, akakaa kando ya kitanda.

Osmundi alifariki siku ya nne, saa ambayo watoto wanatoka shule.

Sasa, mtani ana kazi yake msibani. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea na alivyokohoa, ili wafiwa wacheke kidogo na kuvuta pumzi. Ni heshima, na kuikataa ni kumdharau aliyekufa. Kihwele alikuwa amejifungia bandani na kulia mpaka akatapika. Lakini siku ya mazishi aliosha uso, akaenda kuomba shati la kaki la Osmundi, lile la zamani lililopasuka kwapani kwa unene. Likampwaya. Akaona hivi haitoki sura ya rafiki yake, akachukua mto wa kulalia, akauingiza ndani ya shati.

Akajitokeza uani. Akapanda mlima usioonekana, akahema, akafuta jasho, akagonga muhuri hewani. Mwanamke mmoja alianza kucheka, kisha akaziba mdomo kwa khanga. Wengine walitazama chini.

Gaspari, mdogo wake marehemu, alisimama. "Mtani, toa huo mto."

"Mila ni mila, Gaspari. Baba yangu alipokufa ulivaa koti lake ukacheza ndani yake. Nilikukataza?"

"Nimesema toa."

"Leo mnaogopa utani?"

"Leo tumechoka nao. Kaka yangu hatujamzika bado na wewe unamnenepesha upya. Ulimfuata na ulimi wako mpaka umemfikisha hapa."

Mtu aliyeguswa penye kidonda hujitetea kwa sauti kubwa, na Kihwele akapaza sauti, machozi yakimshuka huku mto umemtokeza mbele.

"Mnanitazama kama mchawi! Nimefanya nini mimi? Utani hauui mtu! Na nilichosema kilikuwa kweli. Tumbo ndilo lililomharibu rafiki yangu. Nilimwambia afunge mdomo kwa sababu nilimpenda, na kila mtu hapa alicheka, hata wewe Gaspari ulicheka! Kosa lilikuwa la tumbo, si langu!"

Gaspari mwenyewe aliangalia pembeni, kwa kuwa ni kweli alikuwepo sokoni siku ile, na alicheka.

Fotunata alikuwa amekaa kwenye mkeka, Lusia amemlalia mapajani. Alimweka mtoto kando taratibu, akainuka, akamwendea Kihwele. Akaingiza mkono ndani ya lile shati la kaki, akautoa ule mto, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Wakadhani atamtukana. Hakumtukana. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kumkaribisha mgeni, na ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Shemeji, miaka kumi na minane nilimpakulia sahani ile ile, na wewe ukamwita fito. Sahani yangu haikuongezeka hata siku moja. Kilichoongezeka ni kiti. Mwenyewe akalijua hilo, akarudi mlimani, na mlima ukaanza kumrudishia mwili wake kidogo kidogo huku anakula na kushiba. Ukamzomea mbele ya soko zima. Basi akaiacha miguu ilale, akaenda kuliadhibu tumbo, ambalo halikumkosea kitu. Leo unasimama juu ya maiti yake kuniambia kosa lilikuwa la tumbo? Kosa la miguu halilipwi na tumbo."